Mzigo wa Bi Shinuna

Dukani kwa Sasidharan, mjini Quriyat,
rafadha zimetundikwa kwenye misumari,
kila moja na namba mbili mgongoni:
ya kwanza upana, ya pili hatua,
yaani ikizunguka mara moja
ingesonga mbele inchi ngapi
lau maji yangekuwa ubao na yenyewe skrubu.
Lakini maji si ubao.
Maji huteleza, humpa kila mtu
pungufu ya alichoahidiwa.

Kaka yangu Ghassani hataki habari za kuteleza.
Ameshika ile ya chuma cha pua, hatua kumi na tano,
anajitazama ndani yake kama aliyetoka kwa kinyozi.
Namba kubwa, mbio kubwa, anasema.
Riyali mia na kumi,
naye bima ya gari hajalipa.

Nikamuuliza: umesahau mlima wa Amerat,
gia ya nne, gari limejaa watu wa harusi,
injini inakohoa, inaomba radhi?
Basi ndivyo inavyokohoa mashine yetu ya farasi arobaini
kila ukipakia barafu na mitego ya waya.
Kitabu chake kinataka mizunguko elfu tano na zaidi.
Sisi, na rafadha yetu kuukuu ya hatua kumi na tatu,
elfu tano tuliiona siku moja tu:
Ghassani peke yake botini, na miwani, akipigwa picha.

"Na siku hiyo ilikimbia!"

Ilikimbia, ndiyo.
Ilikuwa haina cha kubeba.

Sasidharan akainama chini ya meza
akatoa ya aluminiamu, hatua kumi na moja,
nyeusi kama sufuria ya pilau.
Akasema kwa Kiarabu chake cha sokoni:
Hii ikigonga mwamba, itapinda.
Ile yako haipindi, pigo italipeleka ndani, kwenye gia.
Kitu lazima kiumie.
Chagua kiumie cha riyali ishirini na nane.

Tukaifunga pale pale ufukweni, jua la saa tatu
limeshageuza spana kuwa kaa la moto.
Kumbe mitego iko baharini tangu juzi,
na gari la barafu halijafika.
Nikasema, boti tupu haipimwi, itatudanganya tena.

Mama akateremsha kioo cha gari.
"Mnataka kilo ngapi?"

Huyu ndiye aliyefika kutoka Wete na sanduku moja,
na ami mmoja mlangoni akasema kwa Kiarabu,
"Mzigo mwingine huo."
Hakuelewa. Alitabasamu, akampa mkono.
Miaka mitatu baadaye akatafsiriwa,
na tangu siku hiyo hata mfuko wa sokoni
hakubali abebewe.

"Mimi themanini na sita," akasema,
"na goti hili la hospitali, lina chuma, ongezeni nusu."
Akaingia na wajukuu watatu na chupa ya kahawa,
jaketi la rangi ya chungwa juu ya abaya,
akakaa katikati kama mtu aliyekata tiketi.

Ghassani akafungua mafuta.
Pua ikainuka, ikafikiri kidogo,
ikalala juu ya maji.
Kikohozi kikaisha. Ikabaki sauti moja
iliyonyooka kama mshono wa cherehani,
na sindano ya saa ikapanda,
elfu nne na mia tisa,
elfu tano,
elfu tano na mia moja, ikatulia.

"Ile siku ilikimbia zaidi," Ghassani akanung'unika.
"Mbona unapunguza?" Mama akamwambia. "Ongeza."

Niliandika daftarini, mkono ukirukaruka:
Hatua 11. Mizunguko 5,100.
Mzigo: Mama, watoto watatu, kahawa.

Tuliporudi akaniomba daftari.
Akalisoma lile neno, akakaa nalo,
kidole chake juu yake.
Hakulifuta.
Akachukua kalamu, na kwa mwandiko wa shule ya Wete
akaongeza pembeni:
na goti.